Waache Wabebe Vitabu

Siku isiyonitoka akilini, mwanangu, ni ile walipokuja kugawana vitu vya mume wangu, wakabeba na vitabu nilivyokuwa nikisomea mtihani.

Nimeona nikuandikie kwa sababu nawasikia wengi wenu, nyinyi mnaojiandaa kwa mitihani ya uhasibu, hiyo CPA, katika vyumba vya kupanga pale Wote na Kitui mjini, mkisema maneno ya watu walioshindwa kabla ya kuanza. Ati uhasibu ni wa watu wa Nairobi. Ati ukianguka mara mbili ni Mungu anakuonyesha njia nyingine. Mungu ana njia nyingi za kusema na mtu, lakini sijamsikia akitumia karatasi ya matokeo. Basi keti. Mimi sikusoma sana, niliishia kidato cha nne na mitihani michache ya uhasibu, na pale nisipojua nitakuambia sijui.

Mume wangu aliitwa Kioko. Tulikuwa makarani wote wawili, yeye kwenye ghala la pamba na mimi kwenye chama cha ushirika cha wakulima, na tulijiandikisha kwa mtihani pamoja. Vitabu tulivinunua vikiwa vimekwisha tumiwa, seti moja ya watu wawili. Mimi nilivisoma kwa rula na kalamu nyekundu. Kila sentensi iliyonipendeza niliipigia mstari, mpaka kurasa zikawa kama kitambaa kilichotariziwa. Yeye alikuwa na penseli tu. Alisoma, akafunga kitabu, akatazama paa, kisha akafungua tena na kuweka alama ya kukosa pembeni, mahali ambapo hakuelewa.

"Kioko, unakichafua kitabu," nikamwambia. "Alama za kukosa kila mahali, kama una mwalimu mkali humu ndani."

"Afadhali nikosee hapa jikoni," akasema. "Kule hawatanipa chai."

Nilimcheka. Nilikuwa nimemaliza vitabu vyote mara mbili naye bado anahangaika na cha pili. Nilijiona nimemwacha mbali.

Mvua za Aprili zilipokuja, mto ulijaa, na Kioko alijaribu kuvuka na baiskeli yake akitoka kazini. Hapo sitaeleza zaidi. Tulimzika Kathonzweni nyumbani kwao, na mtihani ulikuwa Juni.

Katika ukoo wetu, msiba ukishapoa kidogo, watu wa marehemu hukutana na kugawana vitu vyake. Si ubaya. Koti huenda kwa ndugu, viatu kwa yule ambaye vinamtosha, ili kila mtu abaki na kitu cha kumkumbukia. Aliyesimamia siku hiyo ni Mzee Nzioka, kaka mkubwa wa baba yake Kioko, mtu wa kanisa, mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa. Koti lilikwenda kwa Musyoka, binamu wa Kioko aliyekuwa na kibanda cha biashara kule Kambu, kando ya barabara kuu. Kisha mzee akagusa sanduku la vitabu kwa fimbo.

"Na hivi pia mpeni Musyoka. Amesoma, vitamfaa."

"Baba, hivyo vitabu ni vyetu wawili," nikasema. "Ndivyo ninavyosomea."

Akafungua cha juu, akatazama ukurasa wa mbele. "Jina la nani hili?"

Lilikuwa la Kioko. Yeye ndiye aliyekwenda kuvinunua, yeye ndiye aliyeandika.

"Mjane na mitihani wapi na wapi, mama?" akasema, tena kwa upole, na upole huo ndio uliouma. "Omboleza kwanza. Mambo ya shule yana wakati wake."

Sanduku likapakiwa kwenye mkokoteni.

Walipoondoka nilikwenda nyuma ya jiko nikalia, na mama mkwe wangu alikuwa hapo akipepeta ndengu. Nilimwita Mwaitu, yaani mama, kama tunavyosema kwetu. Alikuwa amezika mtoto wake, mwanangu, usisahau hilo. Macho yake yalikuwa yamekauka kama kisima cha Septemba. Aliniacha nilie mpaka akamaliza uteo mzima.

"Wamebeba vitabu," akasema.

"Wamebeba, Mwaitu."

"Na ulichosoma, nacho wamekipakia?"

Nikafuta macho kwa leso.

"Si ulikuwa ukisema umevimaliza mara mbili? Basi niambie kimoja. Niambie lolote lililokuwa humo."

Nikafikiria. Jambo rahisi kabisa, nikasema, ni uchakavu wa mali. Kila mwanafunzi wa uhasibu huanza nalo.

"Uchakavu ni nini?"

"Uchakavu, Mwaitu, ni... ni ile mali ikichakaa. Inaandikwa. Kuna njia mbili..." Nikaona ukurasa wote kichwani, mistari yangu myekundu, hata doa la chai pale pembeni. Kila kitu nilikiona isipokuwa maneno.

"Jembe langu limechakaa," akasema. "Unaliandika wapi? Na kwa nini uliandike, na mimi bado nalimia?"

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikaona mdomo wake ukitaka kucheka.

"Asi! Kumbe vitabu ndivyo vilivyokuwa vimesoma. Wewe ulikuwa unavisindikiza tu."

Mwanangu, nimekemewa na watu wengi katika maisha haya, lakini hakuna aliyenifikia hapo. Shuleni kwetu ukutani paliandikwa kwamba elimu ni mali ambayo adui hawezi kuiteka. Mimi yangu ilitekwa na watu wa nyumbani, mchana kweupe, ikawekwa juu ya mkokoteni, kwa sababu haikuwa imeingia kwangu bado. Mwaitu hakujua uhasibu, na sitakudanganya kwamba alinifundisha uhasibu. Alichofanya ni kukataa kunihurumia.

Nilikasirika. Nilimkasirikia Mzee Nzioka, nikamkasirikia mto, na zaidi nikajikasirikia mwenyewe. Nikasema nitaukalia mtihani huu hata kama vitabu vyote vya nchi vitabebwa.

Kesho yake, baada ya kuteka maji, nilichukua kalenda ya zamani, nikageuza upande usioandikwa, na kujiambia: andika kila unachojua kuhusu uchakavu. Nilitoka jasho kwa mistari michache. Lakini nilipotazama ile karatasi niliona jambo ambalo kalamu nyekundu haikunionyesha hata siku moja. Niliona mashimo. Hapa najua, hapa najua nusu, hapa ni giza tupu. Nikaweka alama ya kukosa kwenye kila shimo. Nilipoiweka ya tatu ndipo nilipogundua ninafanya kama Kioko, na ikabidi nitoke nje kidogo.

Siku ya soko nilipanda lori la mizigo mpaka Kambu. Musyoka alikuwa kibandani akiwauzia abiria wa mabasi machungwa na karanga. Alifurahi kuniona, maskini, alinivutia hata kreti la soda nikalie. Kisha nikaona karatasi alizofungia karanga. Zilikuwa kurasa za kitabu, zenye safu za tarakimu.

"Musyoka, hii ni nini?"

"Karatasi, shemeji. Abiria hawezi kushika karanga mkononi, gari linatikisa."

"Hii ni kodi ya mapato!"

"Hata hao wenye kodi hupita hapa, shemeji. Wananunua, wanakula, wanatupa. Hakuna aliyelalamika."

Nilitaka kumpiga, halafu nikataka kucheka, na sikufanya lolote. Nilifungua kifurushi kimoja, nikamwaga karanga kwenye leso, nikanyoosha karatasi. Pembeni palikuwa na alama ya penseli. Kioko alikuwa hakuelewa hapo. Musyoka aliiona, akavua kofia.

"Aiya. Mzee alinipa sanduku tu. Hakuniambia ni karatasi za kusoma ama za kufungia." Akainamisha kichwa. "Ni hicho kimoja tu, shemeji. Vingine viko chini ya kitanda. Lakini kukupa uende navyo siwezi, Mzee atauliza. Kaa huko nyuma usome mpaka lori lirudi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila siku ya soko. Nilikuwa na saa chache tu za kukaa nyuma ya kibanda, mabasi yakipiga honi na Musyoka akiimba bei ya machungwa. Nani angeanza ukurasa wa kwanza? Nilikwenda moja kwa moja kwenye mashimo yangu. Nilisoma pale palipokuwa na giza, nikafunga kitabu, nikajiambia kwa sauti, nikafungua kuhakikisha. Mara nyingi mahali nilipoenda kutafuta nilikuta alama ya penseli imenitangulia. Tulikuwa tumekwama mahali pamoja, Kioko na mimi, ila yeye alikiri na mimi nikapiga mstari mwekundu.

Nyumbani nilimrudia Mwaitu na jembe lake. Nikamwambia: ulilinunua, na litalima misimu kadhaa mpaka life. Ukiubebesha msimu wa kwanza bei yote, utadhani ulipata hasara mwaka huo, na miaka inayofuata utajidanganya kwamba ulilima bure. Kwa hiyo kila msimu unabeba sehemu yake ya bei. Huo ndio uchakavu.

Akafikiria. "Na likiibwa katikati?"

Sikujua. Nikaenda kuweka alama ya kukosa.

Kulikuwa na mwenzangu kazini, Ndunge, naye alikuwa akijiandaa, na alikuwa na mitihani ya miaka ya nyuma pamoja na majibu yake. Mwanzoni tulikuwa tukiisoma kama hadithi: swali, jibu, tunaitikia kwa kichwa, eee, ni hivyo. Nguo ya kuazima haisitiri matako, mwanangu, na jibu la kusoma ni nguo ya kuazima. Mwaitu alitutazama siku mbili hivi. Siku iliyofuata alichukua ile karatasi ya majibu, akaikunja, akaiweka juu ya kigoda chake na kuikalia.

"Mwaitu, tunayahitaji!" Ndunge akalia.

"Nimeyakalia. Malizeni kwanza."

"Na tukikwama?"

"Mkwame. Hata ng'ombe akikwama hujitoa mwenyewe kabla ya kuita kijiji."

Saa tulikuwa hatuna. Tulikuwa na redio yake ndogo. Tulianza swali ikisomwa taarifa ya habari, na taarifa iliyofuata ikianza, kalamu chini, umemaliza hujamaliza. Siku ya kwanza Ndunge alilia kwa hasira, na mimi mizania yangu ilikataa kabisa kulingana. Lakini bandu bandu huisha gogo. Kufikia mwisho wa Mei tulikuwa tunamaliza, tunasubiri muziki wa kufungulia habari.

Tulikubaliana pia kwamba tutakutana kama mwethya. Unajua mwethya, wanawake wakishikana kuchimba matuta ya shamba la mmoja wao. Hakuna anayekuja mikono mitupu akitegemea jembe la mwenzake. Kwa hiyo kila mmoja alikuja na swali alilolihangaikia peke yake nyumbani, amfundishe mwenzake. Siku ambayo Ndunge alikuja mikono mitupu nilimpa ndengu apepete. Hakurudia.

Na wageni wa msiba walizidi kuja, nami niliketi nao. Sikuacha kumlilia mume wangu ili nisome. Nilifanya yote mawili. Watu watakuambia haiwezekani. Waulize kama wamejaribu.

Habari zilimfikia Mzee Nzioka. Asubuhi niliyokuwa niende Machakos kwa mtihani, kitambaa cheusi kichwani na kalamu zangu kwenye mfuko wa sukari, nilimkuta langoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mtihani, baba."

"Kaburi halijaota majani. Watu watasema nini?"

"Watasema nimekwenda kwa mtihani."

"Usinijibu hivyo! Mwanamke wa ukoo huu hatoki msibani kwenda kushindana na wavulana kwa kalamu. Rudi ndani."

Nilimwogopa, sitakuficha. Yeye ndiye aliyesimama kanisani siku ya mazishi akaniita mtoto wake. Shamba nililokuwa nikiishi, neno lake lingeweza kunitoa. Nikasema, "Baba, nitakwenda. Nikirudi nitaendelea kuomboleza. Msiba hautakimbia."

Akainua fimbo, si kunipiga, kunizuia tu. Hapo Mwaitu akatokea jikoni, mikono imejaa unga. Sikuwahi kumsikia akimpandishia sauti shemeji yake, na hata siku hiyo hakuipandisha.

"Nzioka, mtoto wangu nimemzika. Usiniambie nimzike na huyu akiwa hai. Ondoa fimbo, gari litamwacha."

Walitazamana. Fimbo ikashuka.

Katika chumba cha mtihani swali la kwanza lilikuwa la mitambo iliyouzwa kabla ya kuchakaa kabisa. Ni lile jembe lililoibwa katikati, mwanangu, ila hili liliuzwa. Nilicheka kwa sauti mpaka msimamizi akaja.

Sasa ungependa nikuambie nilipita karatasi zote. Sikupita zote. Nilianguka kodi, ile iliyofungia karanga. Mzee Nzioka alikuja siku ile ile.

"Si nilisema?"

"Ulisema nisiende, baba. Kuhusu hizo nyingine nilizopita hukusema kitu."

Mwaitu alilazimika kuingia ndani ili acheke. Nikaurudia mtihani wa kodi uliofuata kwa kitabu nilichoazima kwa Ndunge, nikapita. Kujikwaa si kuanguka. Ngazi ya mwisho ya masomo hayo sikuifikia, na sitavaa joho ambalo si langu. Lakini niliifanya kazi ya uhasibu mpaka nikastaafu, kwa nilichokuwa nacho kichwani. Na Mzee Nzioka, Mungu amrehemu, uzeeni mwake alikuwa akinitumia wajukuu zake niwakague hesabu. Hatukuwahi kuzungumza juu ya lango.

Mwaka huu tumemzika Mwaitu. Siku ya kugawana vitu vyake waliniuliza, kwa kuwa sasa mimi ndiye mkubwa, ninataka nini. Niliomba kile kigoda. Walishangaa, maana mguu mmoja umelegea. Ndicho nilichokikalia nikikuandikia, na nyumba imekuwa kimya mno.

Basi sikiliza, mwanangu. Simu yako imejaa vitabu, video na majibu ya miaka kumi. Hayo ni sanduku la Kioko tu, limepata kioo. Likizimika leo utabaki na nini? Ukimaliza kusoma, funga, uandike unachojua kwenye karatasi tupu. Itauma, na maumivu hayo ndiyo masomo yenyewe. Weka alama mahali usipojua, wala usiipambe aibu yako kwa rangi. Pale palipo na alama ndipo uanze kesho, si ukurasa wa kwanza unaoupenda kwa sababu unaujua. Soma kidogo kila siku na uyarudie ya wiki iliyopita kabla hayajapoa. Anayetaka kula mavuno yote usiku mmoja huamka na tumbo. Mtafute mtu asiyejua uhasibu na asiyekuhurumia, umweleze mpaka aelewe au mpaka ugundue wewe ndiye hujaelewa. Fanya mitihani ya zamani kwa saa, na majibu ayakalie mtu mwingine. Nenda kwa wenzako na jembe lako. Lala usingizi. Na ukianguka karatasi moja, umeanguka karatasi moja. Usimpe yeyote ruhusa ya kuigeuza iwe jina lako.

Watakaokwambia urudi ndani hawatakosekana, na wengine watakupenda kweli. Waheshimu. Halafu upite langoni.

Mungu wa Mwaitu akupe kichwa kinachoshika na moyo usiotishwa na fimbo. Akupe mtu mmoja wa kukucheka unapostahili kuchekwa, na wa kusimama mbele yako mikono imejaa unga siku utakapozuiwa. Na ikifika siku ya watu kuja kubeba, wakute umekwisha kula ukashiba. Vitabu waache wabebe.